Lupasi, skleroderma na jeni za ukoo: jinsi ya kuwahi makovu ya figo na mapafu ukiwa kanda ya ziwa

Kama wewe au ndugu yako ameambiwa ana lupasi, au skleroderma ile ya ngozi kukaza, au ile baridi yabisi ya rumatoidi, kuna maswali mawili hayakuachi ulale: je hii kitu ipo kwenye damu ya ukoo wetu, na kwa nini mwingine anaumwa viungo tu miaka yote wakati mwingine figo zinakauka ndani ya muda mfupi? Mi namuuguza dada yangu mwenye skleroderma hapa Mwanza, nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki nikiongea na wenzangu, na naona watu wengi wanaogopa jeni kupita kiasi halafu kipimo cha mkojo ambacho ni bei ndogo hawajapima tangu mwaka jana. Hapa naeleza vyote viwili, jeni zinafanya nini na wewe ufanye nini, ila moyo wangu uko zaidi kwenye hicho cha pili.

Haya magonjwa yote ni ya familia moja, kinga ya mwili inageuka inashambulia tishu za mwenyewe, zile zinazoshikilia ngozi, viungo, mishipa na ogani za ndani. Panaposhambuliwa panavimba, na uvimbe ukikaa muda mrefu seli zinazoitwa faibroblasti zinaanza kumwaga kolajeni, ile protini ya kushikilia tishu, nyingi kuliko inavyotakiwa, hapo ndo kovu. Mfano chukua kovu la moto kwenye mkono, ngozi inakuwa ngumu haivutiki haitoi jasho, sasa fikiria hiyo hali iko ndani ya pafu ambalo linatakiwa litanuke kila ukivuta hewa. Uvimbe dawa inauwahi, kovu likishakomaa kwa kawaida halirudi nyuma, ndo maana kila kitu nachosema hapa ni habari ya kuwahi.

Jeni zinachangia nini hasa

Hakuna jeni moja ya lupasi wala ya skleroderma. Kuna nyingi ndogondogo, kila moja inasukuma kidogo. Zinazotajwa sana ni za kundi la HLA ambazo ndo zinafundisha kinga kutofautisha mwili na adui, halafu kuna IRF5 na STAT4, hizi zinaonekana kwenye lupasi na pia kwenye skleroderma, ndo sababu unakuta ukoo mmoja shangazi ana rumatoidi, binamu ana lupasi na mwingine tezi la shingo linasumbua. Wanarithi tabia ya kinga kuchanganyikiwa, jina la ugonjwa linaweza kuwa tofauti.

Sasa hii isikutishe. Huko Marekani waliwahi kuchunguza mapacha ambao mmoja ana skleroderma, na pacha mwenzake kuugua pia ilikuwa chini ya asilimia 5, na cha ajabu mapacha wa kufanana kabisa na wale wasiofanana walikuwa karibu sawa. Familia za wagonjwa ambazo ndugu mwingine wa karibu, yaani mzazi, mtoto, kaka au dada, aliupata zilikuwa kama asilimia 1.6. Ni zaidi ya mtu wa kawaida, ndio, lakini piga hesabu upande wa pili, zaidi ya familia 98 kati ya 100 hakuna ndugu mwingine wa karibu aliyeupata. Lupasi inavuta damu zaidi kidogo, mapacha wa kufanana kama robo hivi wanaugua wote wawili, maana yake hata hao wenye jeni zilezile robo tatu mmoja anabaki mzima. Kwa hiyo mama anayekaa analia kwamba amewarithisha wanae, naomba umwonyeshe hizi namba.

Jambo kubwa zaidi kwetu sisi Waafrika ni jeni inaitwa APOL1. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Kuna aina zake mbili, G1 na G2, zilizotokea hapahapa Afrika na zikaenea kwa sababu zinasaidia mwili kupambana na vimelea vya malale, ile ya mbung'o ambao mtu wa Serengeti na Mara hahitaji kuelezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 malale iliua watu zaidi ya laki mbili upande wa Uganda wa ziwa letu hili, kwa hiyo kinga ya namna hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Shida ni kwamba aliyerithi nakala mbili za hatari figo zake zinakuwa dhaifu, akipata kitu cha kuzisumbua kama lupasi au virusi vya ukimwi makovu yanakuja haraka. Iligundulika mwaka 2010, na baadae ikaonekana kwa Wamarekani weusi wenye lupasi kwamba walio na nakala mbili wanafikia hatua ya kusafishwa damu kirahisi zaidi kuliko wenzao. Utafiti wa Ghana na Nigeria wa juzijuzi umeonyesha hata nakala moja inaongeza hatari kiasi fulani. Hizi aina zimejaa zaidi Afrika Magharibi, huku kwetu mashariki ni chache ila zipo.

Upande wa mapafu kuna MUC5B, inahusika na ute wa njia ya hewa. Mwaka 2018 ilithibitika kwamba mwenye rumatoidi akiwa na aina fulani ya hiyo jeni hatari ya makovu ya mapafu inaongezeka kama mara tatu. Lakini hiyo aina ni ya Wazungu zaidi, kwa Waafrika ni nadra, na kwenye skleroderma haijaonekana kuhusika. Naitaja kwa sababu watu wanasoma kwenye simu halafu wanataka watume mate nje ya nchi wakapimwe. Usitoe hela yako huko. Vipimo vingi vya namna hiyo vimetengenezwa kwa damu za Ulaya, matokeo yake kwa Msukuma au Mkerewe hayaelezi kitu cha kueleweka, na hata ukipewa jibu, daktari wako atakwambia kilekile, tupime mkojo, tupime pumzi.

Na msichanganye, GeneXpert wanayofanya hospitali kwenye makohozi inaangalia jeni za bakteria wa TB, haiangalii jeni zako wewe.

Anza na daftari la ukoo

Hii ndo kipimo cha jeni ambacho kila mtu anakimudu. Chukua daftari, andika babu na bibi pande zote mbili, chini yao wazazi na ndugu zao wote, chini yao nyie na binamu. Halafu nenda kwa mtu mzima anayekumbuka, mara nyingi ni bibi au shangazi mkubwa, ukae nae ukiwa na muda, maana ukifika na haraka utaambiwa "alikufa tu". Usiulize kama kuna mtu alikuwa na lupasi, zamani nani aliijua. Uliza dalili. Shikamoo bibi, baba mdogo yule aliyefia Sengerema miguu ilikuwa inavimba? uso asubuhi ulikuwa umejaa? alikuwa na presha akiwa bado kijana? Kuna aliyekohoa miaka akanywa dawa za TB mara mbili tatu bila nafuu? Kuna mama ambaye mimba zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine? Kuna aliyekuwa vidole vinageuka rangi kwenye baridi, au ngozi ilikaza mpaka mdomo haufunguki vizuri?

Mara nyingi utaambiwa alirogwa. Usibishane, wewe andika, maana aliyesemekana karogwa akavimba mwili mzima akiwa na miaka 25 huyo kwa daktari ni habari ya figo. Na kuna koo zinaficha kwa kuogopa mabinti hawataolewa, hapo inabidi uwe mpole, waeleze unauliza ili watoto wapimwe mapema. Ukimaliza, weka alama kwa kila aliyeumwa figo, aliyesafishwa damu, aliyekufa kwa presha chini ya miaka 50, na mwenye ugonjwa wowote wa kinga. Ukurasa huo piga picha uwe nao kwenye simu, siku ya kliniki mwonyeshe daktari, na sema pia kama ukoo una sikoseli, huku kanda ya ziwa wabebaji ni wengi na hata mbebaji tu anaweza kukojoa damu, bila kujua hilo mtu anaweza kusumbuliwa na vipimo vingi.

Figo: mkojo, presha, kriatinini

Karibu nusu ya wenye lupasi figo zinaguswa wakati fulani, na kwa watu weusi ni zaidi. Mwanzoni huumwi popote. Hakuna maumivu ya kiuno, hakuna homa, unaenda mwaloni unauza dagaa wako unarudi, kumbe protini inavuja. Kwa hiyo usisubiri dalili, pima mkojo kwa kile kijiti kila ukienda kliniki, hata zahanati ya mtaani wanacho. Kikionyesha protini au damu omba kipimo cha protini kwa kriatinini (kriatinini ni taka ambayo figo huichuja), kikifika sawa na gramu 0.5 kwa siku au kupita hapo ndo daktari anaanza kufikiria kuchukua kinyama cha figo. Watu wanakiogopa sana hicho kipimo cha kinyama, lakini ndo pekee kinachosema ndani kuna moto, yaani uvimbe, au kuna kovu, na hivyo viwili dawa zake hazifanani. Mtu mwenye moto mwingi na kovu kidogo ana kila sababu ya kupewa dawa kali mapema, aliyejaa makovu matupu kumpa dawa kali ni kumtesa bure.

Kuna mtego wa huku kwetu. Damu kwenye mkojo kanda ya ziwa kila mtu anasema kichocho, unapewa prazikwanteli unaambiwa nenda. Sawa, kichocho kipo kweli, ila kile cha ufukweni wa ziwa kwa kawaida kinapiga utumbo na ini, cha mkojo kiko zaidi vijiji vya ndani kwenye majaruba na malambo. Kwa hiyo ukiwa unajulikana una lupasi na mkojo una damu, kunywa dawa ya kichocho kama imeandikwa lakini usikubali ishie hapo, waombe waangalie na protini na kriatinini ya damu. Povu linalokaa kwenye mkojo, uso kujaa asubuhi, soksi kuacha alama ndefu mguuni, hizo ni za kwenda siku hiyohiyo.

Dawa za maumivu nazo. Diklofenaki na brufeni zinauzwa kila duka la dawa kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, na mtu mwenye viungo vinauma anazila kama chakula. Kwa figo ambayo tayari iko hatarini hiyo ni kuiongezea mzigo, muulize daktari dawa mbadala. Mizizi ya kuchemsha ambayo hujui ina nini, hivyohivyo.

Mwenye skleroderma ana jambo lake la pekee na hapa naomba usome taratibu. Figo zake zinaweza kufunga ghafla, presha inapanda ndani ya siku chache, kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu, na hatari ni kubwa zaidi miaka ya mwanzo kwa yule ambaye ngozi inakaza kwa kasi mpaka mapajani na kifuani. Jeni za HLA zimetajwa hapa pia, ila kinachotabiri zaidi ni antibodi, yaani silaha ya kinga inayopimwa kwenye damu, ile ya kushambulia RNA polimerasi 3. Nunueni mashine ya presha ya nyumbani, hata mchangiane ndugu, apime angalau mara mbili kwa wiki, aandike. Namba ya juu ikipanda kwa 30 kupita kawaida yake, msisubiri Jumatatu, nendeni hospitali usiku huohuo na mseme neno skleroderma mlangoni, kwa sababu dawa yake ni zile za presha za kundi la kaptopili, na kabla hazijaanza kutumika miaka ya mwishoni mwa 1970 wengi sana walikuwa wanakufa. Na kitu kingine, predinisoloni, ile dawa ya steroidi, zaidi ya miligramu 15 kwa siku inaongeza hatari ya hilo balaa kwa mwenye skleroderma, kwa hiyo mtu akikuandikia dozi kubwa kwa ajili ya viungo muulize kwa heshima, daktari, hii ni salama kwa figo zangu? Lakini usiikatishe ghafla mwenyewe, kuacha ghafla nako kunaangusha mtu.

Mapafu

Kwa skleroderma mapafu ndo yanaua kuliko kitu kingine siku hizi, na miaka ya kwanza mitatu mpaka mitano ndo yanaharibika kwa kasi. Dalili ni kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi ukipanda, na Mwanza hii ya mawe na milima utaisikia mapema, mtu aliyekuwa anapanda kilima cha Bugando bila kusimama sasa anasimama katikati. Daktari akisikiliza mgongoni chini anasikia mlio mkavu wa kupasukapasuka. Eksirei ya kawaida inaweza kuonekana safi kabisa wakati kovu limeshaanza, kinachoona ni siti skani ya kifua ile ya picha nyembamba, na kipimo cha kupuliza cha spairometri kinachosema umebakiza pumzi kiasi gani. Dada yangu alipogundulika tuliomba vyote viwili mwanzoni hata kabla hajakohoa, ili kuwe na namba ya kulinganisha baadae, na kila mwenye skleroderma au rumatoidi anayekohoa namshauri hivyo. Hospitali ya Bugando ndo ya rufaa ya kanda, ukiwa Sengerema au Geita sasa hivi unavuka kwa daraja, ukiwa Ukerewe bado ni meli, kwa hiyo panga vipimo vyote siku moja na uliza kabla kama mashine inafanya kazi na bima yako inalipia kipi.

Kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni kinadanganya kwa mwenye skleroderma kwa sababu vidole ni vya baridi damu haifiki, waombe wabane sikioni.

TB. Nalisema kwa uchungu maana nimewaona. Mtu anakohoa, amekonda, picha ina makovu, makohozi yamepimwa hayana kitu, anapewa dawa za TB miezi sita, hajapona anarudiwa tena, na huo muda wote pafu linazidi kukauka. Kama makohozi hayana bakteria na vidole vyako vinageuka rangi kwenye maji ya baridi, au viungo vinavimba, sema yote mawili kwenye chumba kimoja kwa daktari mmoja. Vidole kwenye ngozi nyeusi havigeuki vyeupe kama kwenye picha za vitabu, vinakuwa vya kijivu au kama majivu halafu vinaiva rangi ya zambarau, akina mama wanaoshika barafu ya sangara wanaijua hali hii ila wanadhani ni kazi tu. Madoa meupe yenye vidoti vyeusi kifuani au mgongoni pamoja na ngozi kukaza nayo mara nyingi inaitwa ukoma au mba, iende kwa daktari wa ngozi.

Vitu vya nje vinavyoamsha jeni hizi hapa kwetu vinajulikana. Vumbi la mwamba ni la kwanza, daktari mmoja Afrika Kusini, Erasmus, aliandika mwaka 1957 kuhusu wachimba dhahabu waliopata skleroderma, na sisi tuna vijana wengi Geita na machimbo madogo wanasaga mawe bila barakoa. Kama ukoo una ugonjwa wa kinga, kijana huyo atafute kazi nyingine au angalau wamwagie mawe maji wakati wa kusaga. Sigara nayo, hasa kwa rumatoidi. Moshi wa kubanika samaki na kuni ndani ya nyumba, pafu lenye kovu haliuwezi, hamishia jiko nje penye upepo.

Dawa, kwa kifupi

Kwa lupasi haidroksiklorokwini ndo msingi, inazuia ugonjwa kulipuka upya na inalinda figo, dozi isizidi miligramu 5 kwa kila kilo yako kwa siku, macho yapimwe mwanzoni na baada ya miaka 5 kila mwaka. Usiiache kwa sababu unajisikia mzima, unajisikia mzima kwa sababu unaila. Kwa figo na mapafu kuna dawa za kutuliza kinga, mikofenoleti na saiklofosfamaidi, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha kwa mapafu ya skleroderma mikofenoleti inafanya kazi sawa na saiklofosfamaidi na madhara yake ni machache. Mikofenoleti inaharibu mimba, binti aelezwe waziwazi na awe na uzazi wa mpango kabla ya kidonge cha kwanza, na akitaka mtoto aseme mapema abadilishiwe.

Watoto na ndugu ambao ni wazima hawahitaji kupimwa antibodi wala jeni, kipimo cha antibodi kinachoitwa ANA kinaweza kuwa chanya kwa mtu asiyeumwa kabisa na ukampa mtoto hofu ya maisha. Wao wapime presha na mkojo mara moja kwa mwaka, hasa kama kwenye lile daftari kuna figo zaidi ya mtu mmoja upande mmoja wa ukoo. Binti akianza kutoka vipele vinavyozidi kwa jua, vidonda mdomoni visivyouma, nywele kukatika na viungo kuvimba asubuhi, hapo ndo antibodi zipimwe, na aende na ile picha ya ukurasa wa ukoo kwenye simu.